UZI: Kupanga nyumba ya likizo kando ya mto Dordogne, Ufaransa (mkataba, mto, umeme, maji, jiko)

#1 Ngalawa_Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Nyumba za likizo za kando ya mto huko Ufaransa huanza kushikwa tangu Januari kwa ajili ya Julai na Agosti. Anayesubiri hadi Mei hubakiwa na zilizo mbali na maji. Maswali yanayoulizwa kila mwaka ni yale yale, kwa hiyo tuyaweke hapa pamoja. Mimi naanza na kuchagua nyumba na mkataba. Wanaojua mto na mitambo ya nyumba waongezee.

Nazungumzia bonde la Dordogne, hasa kipande cha Souillac, Domme, La Roque-Gageac, Beynac hadi Limeuil. Mto unaanzia Puy de Sancy, mlima wa mita 1,885, unateremka karibu kilomita 480 mpaka kukutana na mto Garonne. Bonde lote ni Hifadhi Hai ya UNESCO tangu 2012.

Neno la kutafutia ni *gîte*: nyumba nzima yenye jiko, unajipikia, unajifanyia usafi. Ukiona *chambre d'hôtes*, hicho ni chumba ndani ya nyumba ya mwenyeji, kifungua kinywa kimo, jiko mara nyingi halimo. Mtandao wa Gîtes de France, uliopo tangu 1955, unazipa nyumba masuke 1 hadi 5, na kuna daraja la serikali la nyota 1 hadi 5. Vipimo hivyo vyote vinaangalia vifaa na hali ya nyumba. Hakuna hata kimoja kinachokwambia mto uko hatua ngapi kutoka mlangoni, na hapo ndipo watu wengi wanaumia.

Soma tangazo hivi. *Vue rivière* maana yake unauona mto, pengine ukiwa juu ya jabali la mita 60. *Proche rivière* inaweza kuwa kilomita 2. *Accès rivière* ina njia ya kufika majini, lakini uliza kama inavuka barabara. *Bord de rivière* ndiyo unayoitaka, na bado uliza. Fungua Géoportail (au cartes.gouv.fr inayochukua nafasi yake), ramani ya bure ya serikali, tafuta paa la nyumba kwenye picha ya angani, upime mwenyewe kwa kifaa cha kupimia kilichomo. Washa na mistari ya mwinuko: ikikaribiana sana kati ya nyumba na maji, hapo ni genge, si ufuko.

Mambo ya kumwuliza mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kulipa: ukingo ni wa mteremko wa kokoto au ni ukuta? Kina kikoje hatua tatu kutoka ukingoni mwezi wa Agosti? Nyumba imewahi kuingia maji, na yalifika wapi? Kuna kituo cha kukodisha mitumbwi au kambi ya mahema jirani? Mtandao wa simu unashika ndani ya nyumba? (Kuta za mawe zina unene wa sentimita 60 na zaidi, na bonde lenyewe limezibwa na majabali.)

Mwenye nyumba anayeujua mto wake atakujibu kwa mistari kumi. Anayejibu "ni pazuri sana" mwache.

#2 BintiMvita

Ahsante sana bwana Ngalawa. Kuhusu malipo: anayeomba viza ya Schengen akiwa Mombasa au Dar anatakiwa aonyeshe mahali pa kulala kabla hajajua kama viza itatoka. Akinyimwa, pesa ya nyumba inakuwaje?

#3 Kabidhi_Funguo

Dada BintiMvita, jibu liko kwenye neno moja la mkataba, na ni neno la kusoma kabla ya bei.

Malipo ya kushikia nyumba yakiandikwa *arrhes*, hiyo ni arbuni. Ukijitoa wewe, arbuni inakwenda, na mambo yanaishia hapo. Akijitoa mwenye nyumba, anakurudishia mara mbili yake. Yakiandikwa *acompte*, hiyo ni sehemu ya bei ya mkataba uliokwisha kufungwa: ukijitoa, anaweza kukudai kodi yote. Kiasi mara nyingi ni robo hadi theluthi ya bei. Pia usitegemee zile siku 14 za kubadili mawazo ambazo sheria ya Ufaransa inampa mnunuzi wa mtandaoni; nyumba ya likizo yenye tarehe maalumu haimo.

Kwa anayesubiri viza, omba mstari mmoja uongezwe: kwamba barua ya kunyimwa viza ikiwasilishwa kabla ya tarehe fulani, malipo yanarudi. Wenye nyumba wengi wanakubali kwa miezi ya Mei, Juni na Septemba. Kwa Agosti wengi wanakataa, kwa kuwa wiki ikibaki tupu dakika za mwisho haijazwi. Mkataba uandikwe majina ya watu wote kama yalivyo kwenye pasipoti, anuani kamili ya nyumba, na tarehe zinazolingana na tiketi. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, tangu Juni 2024. Na angalia: ukialikwa kulala kwa ndugu, hati inayotakiwa ni nyingine kabisa (*attestation d'accueil*, inatolewa na ofisi ya meya). Anayepanga nyumba kwa pesa haihitaji hiyo.

Bei iliyo kwenye tangazo siyo utakayolipa. Ongeza kodi ya utalii, ambayo ni kwa kila mtu kwa kila usiku. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Ongeza usafi wa mwisho ukitaka wakufanyie, mashuka na taulo kama havimo, kuni, na umeme. Umeme ndio unaowashangaza watu. Mikataba mingi inaandika kwamba kilowati-saa 8 kwa siku zimo, zinazozidi unalipa. Nane ni chache, na Fundi_Volti akipita hapa ataeleza sababu.

Amana ya uharibifu huombwa kwa hundi ya benki ya Ufaransa. Usiye na hundi hiyo, kubalianeni mapema kama ni pesa taslimu au kadi, na andikieni kwenye mkataba. Anayeishi Ufaransa au Ubelgiji aangalie bima yake ya nyumba: nyingi zina kipengele cha *villégiature* kinacholipia moto au maji ukiwa kwenye nyumba ya kupanga. Bila hicho, moto ukianzia jikoni kwako deni ni lako.

Kuhusu matapeli: picha za nyumba nzuri zinaibwa na kuwekwa kwenye tangazo lingine. Chukua picha uitafute mtandaoni kwa picha. Piga simu ofisi ya utalii ya eneo hilo, uliza kama nyumba hiyo wanaijua. Anayekuhimiza uhamishe pesa leo nje ya tovuti uliyomkutia, kwa bei ya nusu, mwache.

#4 Mpiga_Kafi

Sasa mto. Niseme wazi kwamba Dordogne wakati wa kiangazi unaonekana mpole kuliko ulivyo, na utulivu huo ndio unaowachukua watu.

Kitu cha kwanza ni mabwawa. Juu ya mji wa Argentat kuna mfululizo wa mabwawa ya umeme: Bort-les-Orgues, Marèges, L'Aigle, Chastang, Argentat. Mahitaji ya umeme yakipanda, mitambo inafunguliwa na maji yanaongezeka chini bila mvua yoyote na bila wingu. Ndiyo sababu ya yale mabango ya njano ya EDF (shirika la umeme la Ufaransa) yenye picha ya mtu anayekimbia maji. Athari ni kali zaidi karibu na Argentat na Beaulieu, inapungua kadiri unavyoshuka kuelekea Beynac, lakini haiishi. Kanuni ni moja tu: usitandike mkeka wala kumwacha mtoto kwenye kisiwa cha kokoto kilicho katikati ya mto, hata kama umevuka kwa maji ya kifundo cha mguu.

Cha pili ni umbo la mto. Kwenye kona, upande wa ndani unajengwa kokoto na maji ni ya kina kidogo. Upande wa nje, chini ya jabali, mkondo umechimba. Pale kina kinabadilika kutoka goti hadi kisichofikika kwa hatua mbili, na maji yanazunguka. Nyumba zenye mandhari ya kupendeza, zilizopo chini ya majabali, mara nyingi ziko upande huo wa nje. Kwa hiyo ukiiona nyumba kwenye ramani, tazama iko upande gani wa kona. Ikiwa nje, hesabu kwamba mahali pa kuoga ni ng'ambo au ni mbele zaidi.

Nguzo za madaraja na miti iliyoanguka majini ni hatari kuliko kina. Mti unapitisha maji, mtu haupitishi. Mkondo unamkandamiza kwenye matawi na hawezi kujinasua. Ukiwa kwenye mtumbwi na umeshindwa kuukwepa, egemea upande wa mti, usiegemee mbali nao. Ukiegemea upande mkondo unakotoka, maji yanaingia na mtumbwi unapinduka papo hapo.

Mitumbwi: kituo kinakupakia kwenye basi hadi juu, unashuka mwenyewe na mto. Cénac hadi Beynac ni karibu kilomita 9, saa mbili hivi za kupiga kafi bila haraka. Vitrac hadi Beynac ni karibu 16, tenga nusu siku na zaidi. Unapita chini ya Domme, La Roque-Gageac iliyobandikwa ukutani mwa jabali, ngome ya Castelnaud kushoto, halafu ngome ya Beynac kulia. Unatakiwa ujue kuogelea mita 25, uvae boya na viatu vilivyofunga mguu. Kandambili hazifai: kokoto zinateleza na mkondo unazivua. Watoto wa chini ya miaka 5 vituo vingi havipokei. Pipa dogo la plastiki linalofungwa kwa mkanda ni la simu, funguo na nguo. Lifunge kwenye mtumbwi kwa kamba, si kuliweka tu.

Ondoka kabla ya saa 4 asubuhi. Kuanzia saa 5 hadi saa 11 jioni mwezi wa Agosti mto unajaa mitumbwi, na upepo wa mchana unapanda kinyume na mkondo kwenye vipande vilivyonyooka, mikono inachoka bure.

#5 Kijiti_Kavu

Mkuu Mpiga_Kafi, umewatisha wenye watoto wadogo. Kuna sehemu ya mto inayowafaa?

#6 Mpiga_Kafi

Ipo kaka, na nzuri. Achana na mto mkuu, nenda kwenye vijito vyake. Céou unaingia Dordogne pale Castelnaud. Ni mwembamba, maji yake masafi, na kiangazi sehemu nyingi mtoto anasimama. Ukiwa tayari kwenda kusini zaidi upande wa mto Lot, kuna Célé, nao ni wa kina kidogo wakati wa kiangazi. Nyumba za huko huwa nafuu kwa sababu jina si kubwa. Lakini Julai ikiwa kavu sana Célé unapungua hadi mtumbwi unaburuza tumbo kwenye kokoto, basi uliza hali kabla ya kukodi.

Ukitaka waokoaji, tafuta *baignade surveillée* na bendera ya kijani. Ubora wa maji wa sehemu hizo unapimwa na matokeo yanabandikwa hapo hapo au kwa meya. Baada ya mvua kubwa ya radi subiri siku moja mbili. Maji ya mashambani na ya mifereji yote yanaishia mtoni.

Jambo jingine kwa wenye watoto. Sheria ya Ufaransa ya Januari 2003 inalazimisha bwawa la kuogelea la nyumba liwe na uzio, kifuniko, king'ora au paa, na uzio usipungue mita 1.10. Mto hauna sharti hilo. Nyumba inaweza kuwa na bwawa lililozungushiwa uzio kwa ukamilifu na bustani inayoteremka wazi hadi majini. Uliza kama kuna geti kati ya bustani na ukingo na kama lina kufuli.

#7 Ngalawa_Kavu

Nyongeza kwenye hilo la ukingo: Dordogne ni mto wa umma, na mwenye ardhi ya kando analazimika kuacha njia ya mita 3.25 kwa waenda kwa miguu na wavuvi. Kwa hiyo tangazo likisema "ufuko binafsi", ukiona mtu anapita na fimbo yake ya kuvulia mbele ya meza yako saa 12 asubuhi, yuko kwenye haki yake. Msalimie.

Na anayetaka kuvua mwenyewe anunue kadi ya uvuvi. Kuna ya siku moja na ya wiki, inapatikana mtandaoni na kwenye maduka ya zana. Bila kadi ni faini, hata kwa fimbo moja. Uvuvi wa usiku hauruhusiwi, isipokuwa wa kambare-mamba (*carpe*) kwenye vipande vilivyotengwa kwa mabango.

#8 Samaki_wa_Ziwa

Mkuu, *carpe* si kambare. Ni samaki wa jamii nyingine kabisa, ana magamba makubwa na hana sharubu ndefu za kambare. Kambare mkubwa wa Ulaya anaitwa *silure*, naye yumo Dordogne. Tofauti ina maana hapa, kwa kuwa ruhusa ya usiku ni ya *carpe* tu, na kila samaki wa aina hiyo anayenaswa usiku lazima arudishwe majini.

#9 Ngalawa_Kavu

Sahihi kabisa, shukrani mkuu. Msome kama alivyoandika #8.

#10 Fundi_Volti

Nimeitwa. Kabidhi_Funguo kasema kilowati-saa 8 ni chache. Hesabu ni hii. Nyumba nyingi za vijijini zina tangi la maji moto la umeme, tuseme lita 200. Kulipasha kutoka nyuzi 15 hadi 60 kunakula kilowati-saa 10 na nusu hivi. Yaani tangi moja likijazwa upya limekwisha kupita posho ya siku nzima kabla hujawasha taa. Oga kwa dakika tano na tangi hilo litawatosha watu sita. Ogeni kwa dakika kumi kumi na wa nne ataogea baridi.

Akishaogea baridi, haipashi mara moja. Matangi hayo mara nyingi yamewekwa yapashe usiku, umeme ukiwa wa bei nafuu. Kwenye boksi la umeme kuna swichi ndogo ya nafasi tatu: 0, auto na 1. Iweke 1 tangi lianze kupasha mchana. Kwa hita ya wati 2,200 subiri karibu saa tano lijae. Zamu ya usiku ikianza, swichi inarudi auto yenyewe. Usiiache 0, maana kesho asubuhi hakuna maji moto na utamlaumu mwenye nyumba bure.

Umeme ukizimika nyumba nzima, kwanza tazama kama jirani ana taa. Akiwa nazo, tatizo ni lenu. Nyumba nyingi za likizo zina mkataba wa kVA 6, yaani wati 6,000 hivi kwa wakati mmoja. Oveni 2,500, birika 2,000, mashine ya kufulia inapopasha maji 2,000: hapo umeshavuka. Mita mpya ya Linky, ile ya rangi ya kijani-njano, inakata yenyewe. Zima oveni na birika, kisha bonyeza kitufe cha + kwenye mita kwa sekunde mbili. Umeme unarudi.

Mita ikiwa sawa na swichi kuu imeanguka, kuna kifaa kinachovujisha umeme. Shusha swichi ndogo zote. Pandisha kuu. Pandisha ndogo moja moja. Ile itakayoangusha kuu ndiyo yenye hitilafu. Iache chini, chomoa vifaa vya upande huo, umpigie mwenye nyumba. Kwenye nyumba za mtoni mara nyingi ni taa ya bustani au pampu iliyoingia unyevu.

Plagi: 230V kama kwetu, lakini soketi ni za matundu mawili ya duara na kijiti cha ardhi kilichotokeza. Plagi ya miguu mitatu bapa ya Kenya, Tanzania, Uganda na Oman haiingii. Beba adapta moja na ekstensheni ya kwenu yenye matundu manne. Hiyo moja inatosha chaji zote. Usichomeke birika au pasi kwenye adapta ya bei chee.

Gesi: jiko nyingi ni la mtungi wa kilo 13. Nati ya regulata ina uzi wa kinyume. Kuifungua unazungusha kama unavyokaza skrubu ya kawaida, kuikaza unazungusha kinyume. Watu wanaikaza wakidhani wanafungua mpaka wanaharibu nati. Funga vali ya mtungi kwanza, badilisha mtungi, kagua mpira wa duara ndani ya nati haujapasuka, kaza, fungua vali, paka povu la sabuni kwenye kiungo. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Tazama na tarehe iliyochapwa kwenye mpira wa gesi. Ikiwa imepita, mwenye nyumba aubadili kabla hujapika.

Maji taka: nje ya vijiji hakuna bomba la umma, kila nyumba ina karo lake. Karo linaishi kwa bakteria. Ukimwaga klorini nyingi unawaua, ukitupa vitambaa vya kufutia watoto (hata vilivyoandikwa vinayeyuka) vinaziba bomba, ukimwaga mafuta ya kukaangia yanagandia kwenye njia ya kuingilia. Dalili ya kwanza ni choo kinachoshuka taratibu na kugugumia. Hapo acha kutumia maji na mjulishe mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

#11 BintiMvita

Mashallah, maelezo ya fundi kweli. Joto je? Hazina AC nyingi ya nyumba hizi.

#12 Kabidhi_Funguo

Nyingi hazina, na zikitumiwa vizuri hazihitaji. Ukuta wa mawe unachelewa kupata joto na unachelewa kulitoa. Fungua madirisha yote kuanzia saa 4 usiku hadi saa 2 asubuhi, halafu funga vioo na mbao za nje za madirisha kabla jua halijaugusa ukuta. Mgeni akifungua dirisha mchana "apate upepo", anaingiza hewa ya nyuzi 36 na nyumba inakaa na joto hilo siku mbili.

Madirisha hayana wavu. Ufaransa bara haina malaria, lakini mbu wapo kando ya maji, na mbu mwenye mistari (*moustique tigre*) ameshaingia Dordogne. Beba chandarua cha kuning'iniza. Boriti za mbao ziko juu ya kitanda, kwa hiyo kamba tu inatosha, usipige msumari. Baada ya kupita kwenye majani marefu ya ukingoni kagua kupe nyuma ya magoti na kwenye nywele za watoto. Bana kupe karibu kabisa na ngozi kwa kibanio, vuta moja kwa moja, usimpake mafuta wala kumchoma.

Milango: ukiufunga, pandisha mkono wa kitasa juu kwanza ndipo uzungushe ufunguo. Bila kupandisha, ufunguo haugeuki na watu wanauvunjia ndani.

#13 Chungu_Kikubwa

Na chakula jamani, kwani kila mtu anaongelea swichi!

Anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, pamoja na anayetoka Uingereza siku hizi, haruhusiwi kuingia na nyama wala maziwa: siyo pilau ya nyama kwenye kontena, siyo samli, siyo jibini. Matunda na mboga vinahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Kwa hiyo embe na pilipili mbichi viache. Nazi yako ingia nayo. Bizari, iliki na mdalasini vikavu havina shida.

Unga wa ugali haupatikani kijijini. Kuna *polenta* kila duka kubwa, lakini nyingi imepikwa tayari: inaganda haraka na haivutiki, ukiikoroga kama sembe inakuwa mabonge. Chemsha maji vikombe vinne kwa kimoja cha polenta, imimine kama mvua huku unakoroga, toa baada ya dakika tano. Ukitaka ugali wenyewe, nunua unga mweupe kwenye maduka ya Kiafrika Bordeaux au Paris ukiwa njiani.

Kwa wanaokula halali: mkoa huu ni wa bata na bata bukini, na mafuta ya bata yanaingia mahali usipotarajia. Viazi vya *sarladaise* vinakaangwa kwa mafuta hayo, hata vikiwa pembeni ya samaki. Kwenye vibandiko tafuta *saindoux* (mafuta ya nguruwe), *lardons* (vipande vya nyama ya nguruwe), *gélatine* (jelatini). Kuku wa halali yupo kwenye maduka makubwa ya miji kama Sarlat, Bergerac na Brive. Ukifika kijijini bila kununua, kula samaki, mayai na jibini ya mbuzi iitwayo *cabécou*, ile ya duara, ndogo, ndani laini inayoyeyuka juu ya mkate wa moto.

Soko la Sarlat ni Jumatano na Jumamosi asubuhi. Fika kabla ya saa 3, maegesho yanajaa. Stroberi za Périgord zinaanza Aprili. Jozi mpya (*noix*) ni Oktoba. Maduka ya vijijini yanafunga saa 6 na nusu hadi saa 8 na nusu mchana, Jumapili mchana yote, na duka la mikate lina siku yake ya kupumzika katikati ya wiki. Kwa kuwa nyumba inakabidhiwa Jumamosi saa 10 jioni, fanya ununuzi kabla ya kufika. Ukichelewa, Jumapili utakula biskuti.

#14 Reli_na_Lami

Kufika. Kwa treni, Intercités kutoka Paris Austerlitz inashuka hadi Souillac, mwendo wa saa tano hivi. Au TGV (treni ya kasi) hadi Bordeaux kwa saa mbili na dakika chache, halafu treni ya mkoa hadi Sarlat kupitia Bergerac, karibu saa tatu nyingine. Uwanja wa ndege wa karibu ni Bergerac au Brive.

Bila gari inawezekana ukichagua nyumba iliyo kwenye njia ya baiskeli ya Sarlat hadi Cazoulès. Ni reli ya zamani iliyowekwa lami, zaidi ya kilomita 20, haina mwinuko wa kutisha, inapita Carsac na Groléjac. Nje ya hapo gari ni lazima, kwa sababu mabasi ni machache na teksi unaita siku moja kabla.

Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda inakubalika kwa mgeni wa muda mfupi ikiambatana na kibali cha kimataifa au tafsiri rasmi ya Kifaransa. Chukua kibali ukiwa nyumbani. Barabara za mashambani ni 80 km/h isipokuwa pale bango linaposema 90; kibao cha jina la kijiji peke yake kinamaanisha 50; barabara kuu za *autoroute* 130, mvua 110. Njia panda isiyo na alama yoyote, anayetoka kulia ana haki ya kupita, hata akitoka kichochoroni. Na sisi tuliozoea kushika kushoto, kosa linatokea asubuhi ukitoka getini barabara ikiwa tupu. Barabara kuu ya A20 haina ushuru kutoka Vierzon hadi Brive. Kuanzia Brive kushuka kusini unalipa.

#15 Kijiti_Kavu

Agosti au Septemba? Bei ya Septemba imenitoa macho, ni karibu nusu.

#16 Mpiga_Kafi

Kwa asiyefungwa na shule, Juni mwishoni au Septemba mwanzoni, bila kusita. Juni jua linazama karibu saa 4 kasorobo usiku na mto bado una maji ya kutosha. Septemba maji bado yana joto la kiangazi, ukungu unakaa juu ya mto hadi saa 3 asubuhi, na La Roque-Gageac unatembea bila kusukumana. Tatizo la Septemba ni kwamba waokoaji wameondoka na vituo vya mitumbwi vinapunguza siku.

Kuanzia Novemba hadi Aprili fungua Vigicrues, tovuti ya serikali ya tahadhari ya mafuriko, kila siku: kijani, njano, rangi ya chungwa, nyekundu. Ikifika njano, toa gari kwenye uwanja wa chini. Ya chungwa, fuata maelekezo ya meya, usisubiri kuona maji. Dharura ni 112; zimamoto 18, gari la wagonjwa 15.

#17 BintiMvita

La mwisho kwangu: kurudisha nyumba. Amana inakatwa kwa mambo gani hasa?

#18 Kabidhi_Funguo

Kuondoka ni Jumamosi saa 4 asubuhi, na wageni wapya wanaingia jioni hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna kuongezewa muda.

Makato ya kawaida, kwa mpangilio wa yanavyotokea: oveni yenye mafuta, jivu lisilotolewa, takataka zilizoachwa, glasi zilizopungua kwenye orodha, alama ya sufuria ya moto kwenye meza ya mbao. Ndiyo maana siku ya kuingia hesabu vyombo na orodha mkononi, andika kilichopungua na kilichovunjika, na utume picha kwa ujumbe siku hiyo hiyo. Kasoro iliyoandikwa baada ya siku tatu inahesabiwa yako.

Takataka: sehemu nyingi za Dordogne mapipa ya barabarani yanafunguliwa kwa kadi, na kadi iko kwenye droo au kwenye ubao wa funguo. Ukiondoka nayo unadaiwa. Chupa za kioo zina pipa lake, plastiki na makaratasi lingine. Jivu liache lipoe kwenye ndoo ya chuma siku nzima. Makaa yanayoonekana kufa yanawasha pipa la plastiki usiku.

Piga picha ya mita ya umeme ukiingia na ukitoka, namba na tarehe zionekane. Linky ina namba mbili, ya mchana na ya usiku, bonyeza + kuziona zote. Ukiwa na namba hizo, anayekudai kilowati-saa za ziada mnahesabu pamoja mezani, kabla hujakabidhi funguo.